Hesabu ya Wagonjwa na Kipimo cha Maendeleo

Katika lugha yetu neno hesabu hubeba mizigo miwili. Kwanza ni tendo la kujua idadi: mtoto huhesabu vidole vyake, mfugaji huhesabu ng'ombe jioni warudipo zizini. Pili ni tendo la kutoa maelezo mbele ya mwenye haki ya kuyadai: mweka hazina wa chama hutoa hesabu kwa wanachama, na waumini husadiki kwamba iko siku ambayo kila nafsi itatoa hesabu yake. Maana hizi mbili hazikukutana katika neno moja kwa bahati tu. Mwenye kuhesabu kwa niaba ya wengine hujifunga papo hapo kutoa hesabu kwao.

Twataka kulitazama janga la UVIKO-19 kwa jicho la maana hizo zote mbili. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipolitangaza kuwa dharura tarehe 30 Januari 2020 hadi lilipoiondoa dharura hiyo tarehe 5 Mei 2023, dunia iliishi kwa kusomewa hesabu. Redio zilitaja wagonjwa wapya kadha, waliofariki kadha, waliopona kadha. Na kila aliyetega sikio aliona jambo la kustaajabisha: mataifa yenye hospitali kubwa, madaktari wengi na dawa tele ndiyo yaliyotajwa kwa mamilioni, ilhali mataifa maskini yalitajwa kwa maelfu, na mengine hayakutajwa kabisa. Dharura ilipoondolewa, Marekani peke yake ilikuwa imekwisha kuripoti maambukizi zaidi ya milioni 100 na vifo zaidi ya milioni 1.1. Aliyepanga mataifa kwa utajiri, kisha akayapanga kwa wagonjwa walioripotiwa, angaliweza kudhani kwamba maendeleo ndiyo yaletayo maradhi, na kwamba umaskini ni kinga.

Majibu mawili ya haraka yalitolewa. La kwanza lilisikika barazani kwetu, kwamba maradhi haya ni ya nchi za baridi, kwamba jua letu, chakula chetu na dua zetu zimetukinga. La pili lilitoka ng'ambo, kwa watu waliosubiri kuona maiti zimelala njiani katika miji ya Afrika, na ambao, walipokuwa hawazioni, walisema kwamba bila shaka zipo ila zimefichwa. Majibu haya yanapingana, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yalitolewa kabla ya kuuliza idadi hutoka wapi.

Idadi iliyoripotiwa si ugonjwa wenyewe. Ni mtoto wa wazazi wawili: mmoja ni ugonjwa, wa pili ni jicho lililouona. Hebu tufuate njia apitayo mgonjwa mmoja mpaka aingie katika hesabu ya taifa. Sharti kwanza ajione mgonjwa na atoke nyumbani, jambo ambalo kwa mkulima aliye mbali na zahanati ni safari ya siku nzima na nauli asiyokuwa nayo. Sharti zahanati iwe na kipimo, na sampuli ifike maabara kabla haijaharibika. Sharti maabara iwe na kemikali, ambazo mwaka 2020 mataifa tajiri yalizinunua kwa wingi kiasi cha wengine kukosa. Sharti karani aandike, mkubwa wake aipeleke karatasi mbele, na mwisho wa yote serikali iridhie kutangaza. Pingili moja ikikatika, mgonjwa hutoweka katika hesabu. Kitandani pake hatoweki.

Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika Afrika, kwa makadirio yake, ni ambukizo moja tu katika kila saba lililokuwa likigunduliwa. Mjini Lusaka, Zambia, watafiti walipima maiti 364 zilizofikishwa katika chumba cha maiti cha hospitali kuu ya mafunzo kati ya Juni na Septemba 2020. Walikuta virusi katika maiti 70, yaani karibu moja katika kila tano. Kati ya hao 70, watu 51 walikuwa wamefia nje ya hospitali, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepimwa alipokuwa hai. Kati ya 19 waliofia hospitalini, waliopimwa kabla ya kufa walikuwa 6. Hawa si watu waliofichwa na mtu. Walifichwa na ukosefu wa vipimo, na twaona ni vema mwalimu awaonyeshe wanafunzi wake tofauti hiyo, kwa kuwa kutokuona ni jambo moja na kufumba macho ni jambo jingine.

Lakini tusije tukasema kwamba tofauti yote ilikuwa katika hesabu tu, maana hilo nalo halitakuwa kweli. Ugonjwa huu uliwaua wazee kuliko vijana, na mataifa hayalingani kwa umri. Nusu ya watu wa Italia wamevuka umri wa miaka 45. Nusu ya watu wa Tanzania hawajafika 20. Basi hapana budi nchi ya wazee kuzika wengi zaidi, hata kama virusi vingewapata watu kwa kadiri ile ile. Hapa pana jambo la kufikiri. Wazee wale wa Italia walifikishwa umri ule na maendeleo yenyewe: maji safi, chanjo, dawa za moyo na za shinikizo la damu. Janga lilikwenda likavuna palipokuwa pamelimwa kwa muda mrefu. Na ujana wetu sisi, tunaousifu, kwa sehemu ni matokeo ya uzazi mwingi, na kwa sehemu ni dalili ya wengi kutoufikia uzee. Atakayejivunia kinga ya namna hiyo na afikiri kwanza.

Palitokea pia waliosema kwamba Wazungu waliangamia kwa sababu huwapeleka wazee wao katika nyumba za kutunzia wazee, ilhali sisi huishi na babu na bibi zetu. Ni kweli kwamba katika nchi nyingi za Ulaya vifo vingi vilitokea katika nyumba hizo. Lakini desturi yetu ya vizazi vitatu kulala chini ya paa moja, pamoja na uzuri wake wote, si ukuta wa kuzuia pumzi ya mjukuu isimfikie babu. Tuisifu kwa upendo wake, tusiifanye dawa.

Ikiwa utajiri huongeza jicho, na umri huongeza vifo, je, utajiri wenyewe humpa mtu busara ya kujikinga? Mwezi Oktoba 2019, wiki chache tu kabla ya maradhi haya kujulikana mjini Wuhan, taasisi tatu, mojawapo ikiwa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, zilichapisha orodha ya mataifa kwa kadiri yalivyojiandaa kukabili magonjwa ya mlipuko. Marekani ilishika nafasi ya kwanza na Uingereza ya pili. Yaliyofuata yanajulikana. Vietnam, ambayo si nchi tajiri, iliumaliza mwaka 2020 ikiwa imeripoti vifo 35.

Na historia inao mfano wa zamani zaidi ambao sisi huuona kuwa bora kuliko yote, maana ndani yake watu ni wale wale, lugha ni ile ile, na vyakula ni vile vile. Ni mfano wa visiwa vya Samoa katika homa kuu ya mafua ya mwaka 1918. Visiwa hivyo vilikuwa vimegawanywa. Samoa ya Magharibi ilitawaliwa na New Zealand, na ya Mashariki na Marekani. Tarehe 7 Novemba 1918 meli iitwayo Talune ilitia nanga Apia, katika Samoa ya Magharibi, ikitoka Auckland na wagonjwa ndani yake. Abiria waliruhusiwa kushuka. Katika muda wa majuma machache karibu mtu mmoja kati ya kila watano wa Samoa ya Magharibi alikuwa amekufa. Katika Samoa ya Mashariki gavana aliweka karantini, na wenyeji wakalinda fukwe zao wasiruhusu mashua kuja kutoka upande wa pili. Huko hakufa hata mtu mmoja kwa homa ile. Kipimo chochote cha maendeleo tutakachokitumia hakiwezi kueleza tofauti baina ya pande hizo mbili, kwa maana mbele ya kipimo hicho zilikuwa sawa. Zilitofautiana kwa uamuzi wa siku moja bandarini.

Homa hiyo ya 1918 ina funzo jingine, nalo ndilo kiini cha mjadala wetu. Dunia iliiita homa ya Hispania. Haikuanzia Hispania. Lakini mataifa yaliyokuwa vitani yaliyabana magazeti yake yasitaje maradhi, adui asije akajua udhaifu wao. Hispania haikuwa vitani, magazeti yake yaliandika yaliyoonekana, hata kuugua kwa mfalme wao. Basi nchi iliyosema ndiyo iliyopewa jina la ugonjwa, na zilizonyamaza zikatoka safi. Yapata miaka mia sasa, na jina lile lingali likitajwa.

Katika janga la wakati wetu jambo hilo lilijirudia mara nyingi. Mwaka 2020 Ubelgiji iliamua kuwahesabu hata wazee waliofia katika nyumba za kutunziwa bila kupimwa, maadam daktari aliona dalili. Kwa sababu hiyo ikaonekana kwa muda kuwa miongoni mwa nchi zilizopigwa vibaya kuliko zote kwa kadiri ya watu wake, na viongozi wake wakalazimika kueleza kila mara kwamba wao wanahesabu kwa upana kuliko jirani zao. Peru ilifanya zaidi. Tarehe 31 Mei 2021, baada ya wataalamu kuzipitia kumbukumbu upya, serikali ya nchi hiyo ilisahihisha idadi ya vifo vyake kutoka 69,342 hadi 180,764. Kwa usiku mmoja Peru ikawa ya kwanza duniani kwa vifo vilivyoripotiwa kwa kulinganisha na idadi ya watu. Ugonjwa haukuwa umezidi usiku ule. Kilichozidi ni ukweli. Hatujui neno linalofaa kwa tendo la namna hii isipokuwa ushujaa, ingawa si aina ya ushujaa inayojengewa sanamu.

Kisha ikaja zamu ya Afrika Kusini. Mwezi Novemba 2021 wanasayansi wake, pamoja na wenzao wa Botswana, walitambua aina mpya ya virusi, nao wakauarifu ulimwengu bila kuchelewa. Tarehe 26 aina hiyo ikapewa jina la Omikroni. Shukrani waliyopata ilikuwa kufungiwa safari. Uingereza, Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia wasafiri kutoka kusini mwa Afrika. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba virusi hivyo vilikuwamo katika sampuli zilizochukuliwa Uholanzi tarehe 19 na 23 Novemba, kabla ya tangazo la Afrika Kusini. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 hudai kila taifa liarifu mapema, na hudai pia kwamba wengine wasizuie safari na biashara kupita kiasi kinacholazimu. Nusu ya kwanza ya ahadi ilitimizwa na aliyearifu. Nusu ya pili ilivunjwa na wale wale ambao kwa kawaida huwafundisha wengine uwazi. Mkuu wa shule anayemchapa mwanafunzi aliyekuja kusema kioo kimevunjika asistaajabu akiona mwaka ujao hakuna anayesema.

Tumeyasema hayo ya wengine. Yafaa sasa tuyaseme ya kwetu, kwa adabu ile ile. Nchini Tanzania mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Hadi mwanzoni mwa Mei taarifa zilitaja wagonjwa 509 na vifo 21. Hapo hesabu ikasimama, na kwa zaidi ya mwaka mmoja wala haikusogea. Sababu zilitolewa, nazo si za kupuuzwa. Ilisemwa kwamba hofu huua kuliko maradhi. Ilisemwa kwamba mtu anayekula kwa jasho la siku hawezi kufungiwa ndani. Ilisemwa pia kwamba vipimo havikuaminika. Mwezi Mei 2020 Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu zilirudi na majibu ya kwamba zina virusi.

Tuzipime sababu hizi moja moja. Hiyo ya chakula cha siku ina uzito mkubwa, nasi hatuoni aibu kusema kwamba uamuzi wa kutofunga masoko ulikuwa na utetezi mzuri. Nchi nyingine maskini zilizofunga zilileta njaa. Lakini kufungua soko ni uamuzi mmoja na kuacha kuhesabu ni uamuzi mwingine. Serikali ingaliweza kuwaambia wananchi: soko liko wazi, na wagonjwa ni kadha, kila mmoja apime hatari yake. Hakuna mnyororo unaofunga mambo hayo mawili pamoja. Kuhusu kipimo kibovu, muuza nafaka anayegundua kuwa mizani yake inadanganya hauzi kwa kubahatisha mwaka mzima. Hutafuta mizani nyingine. Shaka juu ya kipimo ni sababu ya kupima vizuri zaidi.

Hofu ndiyo hoja ngumu. Ni kweli hofu hudhuru, na baba mwenye busara hamwamshi mtoto usiku kumweleza kila sauti aliyoisikia nje. Lakini je, mwananchi ni mtoto? Taifa lililojengwa juu ya imani kwamba watu ndio msingi wa maendeleo, taifa ambalo mwaka 1973 liliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakachimba vyoo kwa mikono yao kwa kuwa wameelezwa na wameelewa, taifa hilo haliwezi kusema kwamba watu wake hawastahimili kuambiwa. Na zaidi ya hayo, kimya hakikuondoa hofu. Watu waliona misiba. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulikuwa uvumi uliopita kutoka simu hadi simu, ambao haukuwa na mwisho wala kiasi kwa kuwa hapakuwa na idadi ya kuupinga.

Ipo methali nyingine ambayo hutajwa sana katika mambo haya: mficha maradhi, kifo humuumbua. Twaona kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya mtu mmoja na mwili wake. Mtu akificha kidonda chake, kufa kwake ndiko kunakomuumbua, na hasara ni yake. Maradhi ya kuambukiza yanaivunja hesabu hiyo. Anayeficha aweza kupona, na anayekufa ni jirani ambaye hakuficha kitu. Na taifa linapoficha haliwezi kusema kwamba linaficha mwili wake lenyewe. Linaficha miili ya watu ambao hawakuulizwa.

Mwaka 2021 mambo yalibadilika. Baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kushika madaraka mwezi Machi, iliundwa kamati ya wataalamu, na miongoni mwa mapendekezo yake ilikuwa takwimu zitolewe kwa wananchi na kwa Shirika la Afya Duniani. Mwezi Julai dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ziliwasili, na tarehe 28 ya mwezi huo Rais mwenyewe alichanjwa hadharani.

Hata hivyo kutangaza hakutoshi ikiwa hakuna cha kutangaza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwezi Mei 2022 kwamba katika miaka ya 2020 na 2021 watu waliokufa duniani walizidi idadi ya kawaida kwa milioni 14.9, ilhali vifo vilivyokuwa vimeripotiwa kwa UVIKO-19 katika muda huo vilikuwa kama milioni 5.4. Kwa nchi nyingi za Afrika makadirio hayo yalifanywa kwa hisabati tu, kwa sababu hapakuwa na daftari la kulinganisha; katika kanda hii ni takriban kifo kimoja katika kila kumi kinachosajiliwa. Yaani hatukushindwa kuwahesabu waliokufa kwa UVIKO-19 peke yao. Hatuwahesabu wanaokufa kwa malaria, kwa uzazi, kwa ajali, wala kwa uzee.

Na hapa ndipo utamaduni wetu unapotufumba, kwani si kweli kwamba jamii zetu hazijui kuhesabu wafu. Hakuna msiba usiokuwa na daftari. Yupo mtu anayekaa pembeni chini ya mti na kuandika rambirambi: fulani elfu mbili, fulani kilo tano za mchele, fulani kanga mbili. Siku za hitima na za arubaini hukumbukwa bila kalenda. Kwa miaka mingi Radio Tanzania ilisoma matangazo ya vifo, na nchi nzima ikanyamaza kusikiliza majina ya watu wasiowajua, ya marehemu na ya jamaa wanaotakiwa wafike. Kijiji humjua maiti wake kwa jina, kwa ukoo na kwa deni alilokufa nalo. Ujuzi huo ni mkubwa kuliko ule wa jedwali lolote la Ulaya. Lakini hukomea kijijini. Daftari la rambirambi halimfikii mtendaji wa kata, na fomu ya mtendaji wa kata haimfikii maiti. Sisi tuliokaa miaka mingi baina ya makabati ya mafaili twajua jinsi karatasi mbili zinazosema jambo moja zinavyoweza kuishi jengo moja zisionane.

Kumjua mtu kwa jina na kumjua kwa idadi ni ujuzi wa aina mbili, na kila mmoja una upofu wake. Anayejua majina tu huomboleza kila msiba kama jambo la pekee, wala haoni kwamba misiba kumi ya mwezi huu ina mama mmoja. Anayejua idadi tu huona kilima katika mchoro, asione waliozikwa chini yake. Nchi zinazoitwa zilizoendelea zilipata ujuzi wa pili, na katika miezi ile ya 2020, watu walipofia hospitalini bila ndugu kuwashika mkono, zilionja kwa uchungu maana ya kuupoteza ule wa kwanza. Sisi tunao wa kwanza.

Tangu mwaka 2013 usajili wa watoto wenye umri chini ya miaka mitano umekuwa ukisogezwa karibu na wananchi, kwa kuanzia mkoa wa Mbeya, ukifanyika katika vituo vya afya na ofisi za kata. Ni kazi ya kusifiwa. Wafu wamebaki nyuma ya watoto, pengine kwa sababu aliye hai huhitaji cheti aandikishwe shule, na maiti hahitaji cheti ili azikwe. Katika shule ambazo wanafunzi hutoka vijiji vingi, mwalimu wa uraia au wa hisabati aweza kuwapa kazi ya likizo: kila mmoja aulize kwao, kwa wazee na kwa wachimba makaburi, ni watu wangapi waliozikwa tangu Januari, wa umri gani, kwa sababu gani, kisha aende ofisi ya kijiji akaulize swali lile lile, na aziandike idadi mbili hizo katika ukurasa mmoja, moja upande wa kulia, nyingine upande wa kushoto.